Biskuti za Bwana Arachide

Nyumba ile iliishi kwa harusi za watu. Mume alipiga tarumbeta kwenye bendi, na bendi ilipata kazi siku za harusi. Mke alishona magauni ya maharusi. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani. Magauni yaliyokamilika yalitundikwa ukutani, meupe na marefu. Mgeni aliyeingia ghafla alidhani amekuta kikao cha watu wasio na vichwa. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mazoezi. Mume akipuliza huku nyuma, cherehani ikinguruma huku mbele, majirani hawakuhitaji redio.

Mtaani mume aliitwa Tarumbeta na mke aliitwa Fundi. Walikuwa watu wa kucheka, na mlango wao haukufungwa mchana.

Tarumbeta alikula kila kitu, isipokuwa karanga. Tangu utoto karanga zilimkataa. Akila kidogo tu, midomo inawasha, kisha inavimba. Fundi aliambiwa jambo hilo siku aliyoolewa, kabla hata hajaonyeshwa mahali pa kuweka masanduku yake. Basi karanga hazikuvuka mlango wa nyumba ile.

"Midomo yangu ndiyo kazi yangu," Tarumbeta alikuwa akisema. "Wewe ukijichoma sindano kidole kimoja, unashona kwa vingine. Mimi sina midomo ya akiba."

Mama yake Fundi aliitwa Mama Lesi, kwa sababu aliuza lesi. Alisafiri nchi za jirani na za mbali, akanunua lesi, satini na vifungo, akarudi kuuza. Alikuwa mwanamke mwenye mwendo wa haraka na mkoba mkubwa. Uzeeni aliamua kujiunga na darasa la kusoma la watu wazima. Tangu alipojua kusoma, hakuacha herufi ipite. Alisoma vibao vya maduka. Alisoma sabuni na viberiti. Alisoma kwa sauti, kwa kidole, na bila huruma.

Tarumbeta alimheshimu sana mama mkwe wake. Ukweli ni kwamba alimwogopa. Alipokwenda kuposa, Mama Lesi alimtazama yeye, akaitazama tarumbeta, kisha akauliza taratibu, "Na mchana unafanya kazi gani?" Tarumbeta hakulisahau swali hilo.

Siku moja Mama Lesi alirudi safari. Alikuja moja kwa moja kwa binti yake. Akatoa mkobani kopo la biskuti. Kopo lilikuwa zuri, lina picha ya paka aliyevaa kofia.

"Shikamoo mama," alisema Tarumbeta.

"Marahaba, mkwe wangu. Hizi nimekuletea wewe."

"Hazina karanga, mama?" aliuliza Fundi.

"Ngoja nisome."

Mama Lesi akavaa miwani. Akaweka kidole kwenye kopo. Akalizungusha polepole kama dereva anayekata kona kali. Wakangoja. Chai ikaanza kupoa.

"Neno karanga halimo," alisema mwishowe. "Lipo hili hapa. A-me-ndo-i-m. Silijui, lakini limeanza kwa amen."

"Basi ni biskuti za watu wa sala," alisema Tarumbeta. Akala mbili, maana zawadi ya mama mkwe haikataliwi.

Hakumaliza kikombe. Midomo ilianza kuwasha. Kisha ikavimba, wa juu kwanza, wa chini ukafuata. Aliona aibu. Akakaa kimya, akitazama sakafu.

Mama Lesi alimwangalia. "Mkwe, umenuna?"

"Thijanuna, mama," alijibu Tarumbeta.

Akaomba ruhusa, akaenda kulala. Kesho yake kulikuwa na harusi, na midomo ilikuwa bado minene. Alipopuliza, tarumbeta ilitoa mlio ambao haujawahi kusikika kwenye muziki. Bibi harusi aligeuka kuangalia kama mbuzi ameingia ukumbini.

Safari iliyofuata, Mama Lesi alileta biskuti za pakiti. Fundi aliuliza swali lile lile. Mama Lesi akavaa miwani, akasoma pakiti yote, mbele na nyuma.

"Karanga haimo. Ila wameandika, pi-nda. Pinda."

"Pinda nini?" aliuliza Fundi, kwa sababu yeye alikuwa akipinda nguo siku nzima.

"Pinda pakiti ukimaliza kula, hewa isiingie. Wametoa maelezo kabisa."

"Ni wastaarabu hao," alisema Tarumbeta, akala.

Safari hii midomo ilivimba na shingo ikatoka mabaka mekundu. Tumbo nalo likamkoroga. Mama Lesi aliipinda pakiti vizuri sana, akaibana kwa kibanio cha nguo. Alipoinua macho alimwona mkwe wake amegeukia ukutani.

"Amenuna tena," alimwambia binti yake kwa sauti ya chini.

Wiki ile kiongozi wa bendi alimpa Tarumbeta matoazi, kazi isiyohitaji midomo. Tarumbeta aligonga matoazi yale kwa huzuni kubwa.

Kwenye bendi alikuwapo mpiga ngoma kubwa aliyeitwa Kishindo. Alikuwa rafiki yake Tarumbeta. Baada ya mazoezi wakabaki wawili stoo, wakipanga vyombo.

"Ulikula karanga?" aliuliza Kishindo.

"Sikula. Mama mkwe alisoma pakiti nzima mbele yangu."

"Ukila kwangu unavimba?"

"Sivimbi."

"Ukila kwa mkeo, mama mkwe hayupo?"

"Sivimbi."

"Akija mama mkwe?"

Tarumbeta alifikiri. "Navimba," alisema.

Kishindo akapiga ngoma pigo moja, kama hakimu anayefunga kesi. "Ndugu yangu, unarogwa."

"Mama Lesi? Hapana. Anahudhuria darasa la kusoma."

"Huenda ndiko alikosomea."

Tarumbeta alikumbuka lile swali la siku ya posa. Akakaa juu ya sanduku la ngoma. "Sasa nifanye nini? Siwezi kumwambia mama mkwe sitaki chakula chako."

"Sikiliza. Alichopika yeye, usikiguse. Kula vya kiwandani tu, tena vilivyofungwa. Uchawi haupenyi bati."

Kishindo hakuwa na ushahidi wowote kuhusu uchawi na bati. Lakini alikuwa na sauti nene, na Tarumbeta alikuwa na hofu. Akaamini.

Mama Lesi alikuja tena siku ya Jumamosi. Safari hii aliamua kumfurahisha mkwe wake. Aliingia jikoni mwenyewe. Akapika wali na kuku, harufu ikafika barabarani. Akaandaa meza. Akampakulia Tarumbeta paja.

"Karibu, mkwe wangu."

"Nimeshiba, mama," alisema Tarumbeta. Tumbo lake likaunguruma hapo hapo, watu wote wakasikia.

"Hata tonge moja?"

"Nimeshiba sana."

Fundi alimtazama mumewe. Hakuelewa. Mama Lesi alirudisha kifuniko juu ya sahani, taratibu, kama mtu anayefunga dirisha la chumba cha mgonjwa. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kopo jipya la biskuti.

"Basi angalau onja hizi," alisema. "Nimezibeba kutoka mbali."

Tarumbeta akalichukua kopo. Akaligeuza juu chini. Lilikuwa limefungwa. Utepe wa kiwandani ulikuwa haujaguswa. Moyo wake ukatulia.

"Soma, mama," alisema Fundi.

Mama Lesi akasoma. Hakusoma kwa furaha kama siku zote, lakini alisoma. "Karanga hakuna. Kuna neno hapa limerudiwa. A-ra-chi-de. Arachide."

"Hilo litakuwa jina la mwenye kiwanda," alisema Tarumbeta, ambaye sasa alikuwa na njaa kali. "Bwana Arachide, asante sana."

Akala moja. Zilikuwa tamu. Akala nyingine, na nyingine, akaendelea mpaka safu ya juu ikaisha. Fundi alirudi kwenye cherehani, kwa sababu mteja alikuwa njiani kuchukua gauni. Mama Lesi alikwenda jikoni kuosha sufuria ambazo alikuwa ameshaziosha.

Baada ya muda mfupi Fundi alisikia mluzi kutoka chumba cha nyuma. Ulikuwa mluzi mwembamba, unapanda na kushuka.

"Acha mazoezi, mwenzangu," alisema bila kugeuka. "Tuna mgeni."

Mluzi uliendelea. Fundi akakumbuka kwamba tarumbeta ilikuwa mezani mbele yake. Akasimama haraka, akaenda nyuma. Tarumbeta alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Midomo na macho yalikuwa yamevimba. Mwili ulikuwa na mabaka. Mluzi ule ulitoka kifuani mwake, kila alipovuta pumzi.

"Mama," aliita Fundi. "Mama, njoo."

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa nesi wa kituo cha afya. Siku hiyo alikuwa amepumzika, anaosha nywele. Fundi alimgongea. Nesi alikuja na povu kichwani na kandambili moja mguuni. Akamtazama Tarumbeta mara moja tu.

"Hii si ya kulala ikapoa," alisema. "Twende kituoni sasa hivi."

"Nimpe maziwa kwanza?" aliuliza Mama Lesi.

"Usimpe kitu chochote mdomoni, mama. Koo linavimba. Mkalisheni aegemee, asitembee. Nani ana gari?"

Gari lilikuwa mlangoni. Lilikuwa la yule mteja aliyekuja kuchukua gauni. Mteja hakuuliza maswali. Tarumbeta aliketishwa nyuma, katikati ya mkewe na nesi. Gauni halikuwa na pa kuwekwa, likatandazwa juu yao. Mama Lesi alikaa mbele, amekumbatia kopo. Hakujua kwa nini amelibeba.

Walipofika kituoni, mlinzi wa geti aliona kitambaa cheupe kimejaa dirishani. Akafungua geti, akapiga saluti.

"Hongereni sana," alisema.

Ndani hakukuwa na mzaha. Tabibu alimchoma Tarumbeta sindano ya paja papo hapo. Akawekewa hewa ya kupumulia. Fundi alisimama karibu na kitanda, anahesabu pumzi za mumewe bila kujua anazihesabu. Polepole ule mluzi ukapungua. Kifua kikaanza kushuka na kupanda vizuri. Tabibu akasema mgonjwa atabaki hapo aangaliwe, kwa sababu uvimbe wa namna hii unaweza kurudi hata baada ya kutulia.

Nesi alikuwa amefunga kitambaa kichwani kuficha povu. Akavuta kiti.

"Shemeji, umekula nini leo?"

Tarumbeta alimtazama mama mkwe, aliyekuwa amekaa pembeni. "Sijala kitu," alisema.

"Kitu hakikuvimbishi hivi kama hujakila. Umekula nini?"

Tarumbeta akafumba macho. Alikuwa amechoka, na woga ulikuwa umemtoka pamoja na jasho.

"Dada, mimi narogwa," alisema. "Kila Mama akija, navimba. Sina ugomvi naye. Lakini ndivyo ilivyo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kukohoa, asikose neno.

"Unasema mama yangu ni mchawi?" aliuliza Fundi.

Mama Lesi aliinua mkono kumnyamazisha binti yake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu anayepiga hesabu iliyomsumbua siku nyingi.

"Kumbe ulikuwa unavimba?" alimwuliza mkwe wake.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilidhani unaninunia. Kila nikija unanuna, mdomo huo umeutoa nje. Nikasema, huyu hajanisamehe lile neno nililomwambia siku ya posa. Ndiyo maana nikawa naleta biskuti."

"Na ulipoona nimenuna?"

"Nikaleta zingine."

Nesi aliuma mdomo asicheke. Akanyoosha mkono. "Mama, hebu nione hilo kopo."

Akalisoma dakika moja, akaliweka magotini. "Humu mna karanga."

"Hamna," alisema Mama Lesi. "Nimesoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Mwalimu wangu anajua ninavyosoma."

"Umesoma sawasawa, mama. Umewazidi wengi, maana wengi hawasomi kopo kabisa. Ila wewe ulitafuta neno la Kiswahili. Hapa hawakuandika Kiswahili. Wameandika Kifaransa."

"Yaani mimi nimesoma Kifaransa?"

"Umekisoma chote. Kukielewa ndiko bado. Arachide ni karanga."

Tarumbeta aliinua kichwa. "Siyo mwenye kiwanda?"

"Hakuna Bwana Arachide, shemeji. Ni karanga tu, kwa jina la huko. Wanalitamka arashidi."

Tarumbeta akalaza kichwa tena. Alikuwa amemshukuru kwa jina.

"Na zile nyingine?" aliuliza Fundi. "Za kwanza ziliandikwa amen kitu."

"Amendoim?"

"Hiyo hiyo."

"Ni karanga kwa Kireno."

Mama Lesi alishika shavu. "Na zile za pakiti? Zile hazikuwa na neno lolote la ajabu. Walisema tu pinda. Nikapinda."

Hapo Nesi alishindwa. Akacheka mpaka kile kitambaa kikalegea, povu likashuka kwenye sikio. Mgonjwa wa kitanda cha pili naye alicheka, ingawa hakujua anacheka nini.

"Nisamehe, mama," alisema Nesi akijifuta. "Pinda ni karanga kwa Kiholanzi. Karanga zilizosagwa zikawa laini, wao huziita pindakaas, yaani jibini ya karanga. Wala hamna jibini humo."

"Wewe umejulia wapi haya yote?" aliuliza Fundi.

"Hapa hapa. Kituo hiki kinapokea madereva wa malori, mabaharia, wafanyabiashara kama mama. Kila mgonjwa lazima nimwulize kama kuna chakula kinachomdhuru. Sasa mtu anakujibu kwa lugha yake, utafanyaje? Unajifunza. Nisilolijua, natafuta kwenye simu au nauliza mtu wa lugha hiyo."

Kisha akawaeleza taratibu. Hali ile inaitwa mzio. Wengine huiita aleji. Mwili wa Tarumbeta unaiona karanga kama adui, unapigana nayo, na katika kupigana unajiumiza wenyewe.

"Si uchawi, na si damu chafu," alisema. "Tena tazameni ilivyopanda. Mara ya kwanza midomo. Mara ya pili mabaka na tumbo. Leo pumzi. Aliyepata mzio mdogo jana anaweza kupata mkubwa kesho. Kwa hiyo asijaribu hata kipande kuona kama imepungua."

"Na ikitokea tena?" aliuliza Fundi.

"Ukiona uso unavimba, sauti inakauka, anatapika, au kifua kinapiga mluzi, msikae kujadiliana. Aletwe hapa mara moja. Dakika mnazopoteza kutafuta maziwa au mganga ndizo zinazoua. Tabibu atawapa dawa ya kuwa nayo nyumbani na kuwaonyesha jinsi ya kuitumia. Lakini hata mkiitumia, lazima aje."

"Kopo lilikuwa limefungwa," alisema Tarumbeta kwa unyonge. "Nilitazama utepe."

"Utepe unazuia vumbi na sisimizi. Hauzuii kilichowekwa humo kiwandani. Tafuteni sehemu walipoandika vitu vilivyomo. Kila kopo huwa nayo, mara nyingi kwa herufi ndogo kama chawa. Msitazame picha. Kopo hili lina picha ya maua. Umekula maua wewe?"

"Hapana."

"Na mkumbuke, karanga hujificha. Inaweza kuwa mafuta. Inaweza kuwa unga. Wakati mwingine wanaandika kwamba kiwanda hicho hicho hutengeneza vitu vya karanga. Hiyo nayo, achaneni nayo. Na neno msilolielewa, ulizeni kwanza. Mkikosa wa kumwuliza, biskuti hiyo aile mwingine."

Alipomaliza, Tarumbeta alijikokota akakaa. Akamgeukia mama mkwe.

"Mama, nimekukosea sana. Nisamehe."

Mama Lesi alimtazama. "Kuniita mchawi, nimekusamehe," alisema. "Kukataa wali wangu, bado nafikiria."

Aliporuhusiwa kutoka, Tarumbeta alikula wali ule wote, ukiwa umepashwa moto. Alikula mpaka Mama Lesi akasema basi.

Sasa likabaki tatizo moja. Mama Lesi alikuwa anasafiri tena. Majina yale yalikuwa mengi, na alisema kichwa chake kimejaa bei za lesi. Tarumbeta akaingia chumba cha nyuma na tarumbeta yake. Akatunga wimbo. Maneno yake yalikuwa majina ya karanga tu: arachide, amendoim, pinda. Nesi akaongeza peanut, akawafundisha kuitamka pinati, na akaongeza ful sudani ya Kiarabu na Erdnuss ya Kijerumani. Wimbo ulikuwa mwepesi, wa kuchezeka. Kishindo aliupigia ngoma kwa bidii, maana alikuwa na deni la aibu. Fundi aliuimba akishona. Mtaa mzima ukaushika. Mwishowe bendi ikaupiga kwenye harusi. Wageni walidhani ni wimbo wa mapenzi kutoka ng'ambo, wakacheza na kutunza.

Mama Lesi akasafiri, wimbo kichwani. Aliporudi, aliketi kabla hajavua viatu.

"Wimbo wenu umenitesa," alisema.

"Uliusahau, mama?" aliuliza Tarumbeta.

"Ningeusahau ingekuwa heri. Nimeingia duka la biskuti. Nikataka kumwonya mwenye duka kwamba mkwe wangu hali karanga. Lugha sina. Nikamwimbia wimbo. Yule bwana akafurahi, akaniletea karanga za kukaanga. Nikakataa kwa kichwa, nikaimba tena. Akaleta za chumvi. Nikaimba kwa nguvu. Akaleta za sukari, akaleta zilizosagwa, akaleta za maganda gunia zima. Watu wakapiga makofi."

Fundi alikuwa ameshalala juu ya cherehani kwa kicheko.

"Nikaona niigize," aliendelea Mama Lesi. "Nikajishika koo. Nikavimbisha midomo. Nikajiegemeza kwenye gunia la mchele kama ninayekufa. Yule bwana akanipepea, akaniletea maji, na karanga moja nionje nipate nguvu."

"Ikawaje?" aliuliza Nesi, ambaye alikuwa amekuja na kikombe chake.

"Akaingia mama mmoja anayejua Kiswahili kidogo. Akanisaidia. Kumbe palikosekana neno moja tu, tena fupi. Sans. Maana yake bila. Ukisema sans arachide, wanakuelewa."

Nesi aliweka kikombe chini. "Kosa ni langu," alisema. "Nilikufundisha kutaja kitu. Sikukufundisha kusema kwamba kinadhuru."

Akachukua kalamu hapo hapo, akaandika kadi ndogo kwa lugha tatu: *Mkwe wangu akila karanga anaweza kufa. Je, humu mna karanga?* Mama Lesi aliisoma yote kwa sauti, lugha zote tatu, kisha akaitia mkobani penye fedha. Na wimbo ukarekebishwa. Tangu hapo waliimba bila arachide, bila amendoim, bila pinda, na ulichezeka vizuri zaidi.

Miezi ikapita. Tarumbeta hakuvimba tena. Matoazi yalirudi kwa mwenyewe, na mabibi harusi hawakugeuka tena kutafuta mbuzi. Kishindo, akiona mtu anawashwa na chakula, hakutaja uchawi. Alimwuliza kwanza amesoma nini kwenye pakiti.

Jumamosi moja Mama Lesi alikuja na kopo jipya. Aliliweka mezani mbele ya Tarumbeta. Alikuwa ameonyesha kadi yake dukani, na mwenye duka alikuwa ametikisa kichwa, lakini kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana.

Tarumbeta akavaa miwani ya mama mkwe. Akasoma. Alifuata kila mstari kwa kidole, akilizungusha kopo. Chai ilipoa. Fundi alimaliza kupinda gauni. Kidole kikafika kwenye neno moja refu, kikasimama. Halikuwa kwenye wimbo. Nesi alikuwa kazini. Simu ya Fundi ilitoa tafsiri isiyoeleweka, kitu kama kiatu cha ardhini.

Zamani Tarumbeta angekula kwa heshima. Sasa alilifunga kopo, akalisogeza mbele ya mama mkwe kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Neno hili silijui."

Fundi aliacha kushona. Mama Lesi alilitazama kopo, akamtazama mkwe wake. Akalitia kopo mkobani, akapekua humo humo chini kabisa, chini ya lesi na vifungo. Akatoa ndizi mbivu, kubwa. Aliigeuza huku na huku, akaikagua pande zote.

"Hii haina maandishi," alisema, akampa. "Kula, mkwe wangu."